Baba wa hadithini arudi, asirudi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msomaji wako wa Kilwa Masoko, fundi cherehani, nina miaka 34. Mwaka jana mwezi wa saba, kusi ikivuma, kaka yangu alitoka alfajiri na ngalawa, hakurudi. Siku ya tatu wavuvi wa Songo Songo waliikuta ngalawa imepinduka, mrengu mmoja umevunjika. Mwili haujaonekana mpaka leo. Wazee walingoja, kisha ikaswaliwa swala ya ghaibu, ikasomwa khitma, na wifi yangu akakaa eda akamaliza.

Ameacha mtoto wa kiume, sasa ana miaka minane. Tulimwambia baba amesafiri. Mama yangu ndiye aliyesema tumwambie hivyo, maana mtoto alikuwa na homa siku zile, na baadaye hakuna aliyeweza kulirudisha lile neno.

Usiku mtoto hulala kwangu. Alikuwa hapati usingizi, nikaanza kumtungia hadithi. Kuna msichana anaitwa Tatu, ana miaka tisa, baba yake mvuvi amechukuliwa na Zimwi la Mkondo na kufungiwa katika mji wa matumbawe chini ya bahari. Tatu anapanda mwamba, anafumba macho, anajitupa kwenye maji ya kina, anafika mjini. Huko kuna majini wema, kuna kasa mzee anayejua njia zote, kuna pweza aliyekatwa mkono mmoja na kila asubuhi akijihesabu anapata minane. Tatu anapewa upanga wa mwale wa jua na kupigana na Zimwi. Hadithi imekuwa ndefu, nikaanza kuiandika kwenye daftari kubwa la kaunta. Sasa ina sura 14. Kazi hii ndiyo imenishikilia mwaka huu, nisikufiche.

Tatizo langu ni mwisho. Nimeandika miisho mitatu. Wa kwanza Tatu anamkomboa baba na wanarudi pamoja. Wa pili baba anabaki mjini kuwa mfalme, ana raha, Tatu anamtembelea apendapo. Wa tatu Tatu anarudi peke yake, na huo nikiusoma mwenyewe nalia, sijawahi kumsomea mtoto. Nilipeleka sura chache kwa mhariri mmoja, akaniambia habari za kifo ni nzito kwa watoto, niandike kwamba baba alikutwa kisiwani akiwa salama, ndipo kitabu kitanunuliwa. Mama yangu naye hataki hata jina la kaka litajwe mbele ya mtoto.

Mtoto anaipenda sana hadithi hii. Hata juzi aliniuliza Tatu alirukia mwamba gani, ule wa karibu na diko, pale ngalawa zinapofikia, au ule wa mbele. Jambo jingine aliniambia mara moja tu, akanikataza nisimwambie mtu: asubuhi ile baba yake alimwambia abebe dumu la maji ya kunywa ampelekee kwenye ngalawa, yeye akakataa kwa sababu alikuwa anacheza mpira. Sijui kama hilo linahusika na hadithi.

Nakutumia picha za sura ya kwanza na ya saba. Naomba uniambie ni mwisho upi unaomfaa mtoto.

Shangazi wa mtoto, Kilwa


Marahaba mwanangu. Pole. Nakupa pole wewe kwanza, maana umenieleza ya mtoto, ya mama na ya wifi, lakini ya kwako umeyasema kwa nusu mstari tu, pale unapolia ukisoma mwisho wa tatu. Aliyepotea ni kaka yako.

Swali lako la miisho nitalijibu, lakini halitakuwa la kwanza. Kuna sentensi uliyoipitia haraka: mtoto amekuuliza Tatu alirukia mwamba gani. Mimi hiyo niliisoma nikaweka barua chini. Huyu ni mtoto wa miaka minane. Ameambiwa baba amesafiri. Anaishi karibu na diko, anayajua maji ya kina yalipo, na usiku baada ya usiku amesikia kwamba ukipanda mwamba, ukafumba macho, ukajitupa, unafika mji alipo baba. Sasa anauliza mahali.

Inawezekana kabisa kwamba ameuliza kwa sababu anaipenda hadithi, kama watoto wanavyouliza sungura alijificha mti gani. Lakini usikae na "inawezekana." Leo, kabla hujashika kalamu, muulize kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili: "Uliponiuliza ule mwamba, ulikuwa unafikiria kumfuata baba?" Kumuuliza hakutamtia wazo ambalo hana. Kama analo, kutamwondolea mzigo wa kukaa nalo peke yake. Akijibu ndiyo, au akinyamaza ukaona kimya chake si cha kawaida, mama yake ajue leo hii, asiende pwani bila mtu mzima, na tafuteni msaada kwa afisa ustawi wa jamii au pigeni simu namba 116, ile ya huduma kwa watoto. Hiyo si aibu ya nyumba.

Halafu mtoto aambiwe kwamba baba yake amekufa. Naliandika neno hili hivi hivi kwa sababu Kiswahili chetu kina adabu nyingi mbele ya mauti, na adabu hizo ni za watu wazima. Mtu mzima akisikia "ametangulia," "ametutoka," "hatunaye," anaelewa. Mtoto anasikia kama yalivyosemwa. Ukimwambia amelala, ataogopa kulala. Ukimwambia tumempoteza, atashangaa mbona hamwendi kumtafuta, maana mbuzi akipotea hutafutwa. Na ukimwambia amesafiri, atangoja, kisha atakasirika kwamba baba gani huyu hapigi hata simu. Kwenu limezidi lingine: hadithi nzima ya Tatu ni safari. Neno mlilomfichia kifo ndilo neno la ushujaa katika hadithi yake. Mtoto ameunganisha mwenyewe. Na baba hana kaburi la kuendea siku ya Ijumaa, kwa hiyo hakuna kitu chochote mbele ya macho yake kinachopingana na "amesafiri."

Mwambie bibi yake hivi, kwa heshima zote: neno lile lilikuwa la huruma siku ile ya homa, na kazi yake imekwisha. Aliyelisema ndiye anayefaa kulirudisha. Mtoto atalipokea zaidi kutoka kwake kuliko kutoka kwako. Maneno yawe machache: ngalawa ilipinduka, baba alizama, amekufa, mwili wake hatukuupata, tumemwombea, hatarudi, na si kosa la mtu yeyote wa nyumba hii. Watoto wadogo, wa miaka minne au mitano, mara nyingi huona kufa ni jambo linaloweza kugeuzwa. Huyu wa minane ana uwezo wa kuelewa kwamba haligeuki. Atauliza maswali yale yale mara nyingi. Mjibuni vile vile kila mara.

Sasa tuje kwenye daftari.

Mlango wa hadithi uhame kutoka baharini. Hili sikushauri, nakuomba. Katika hadithi za maajabu kwa watoto kuna kizingiti, mahali ambapo ulimwengu wa kawaida unaisha na ule mwingine unaanza, na mtoto huenda kukijaribu. Atasukuma ukuta, ataingia kabatini, atalala chali chini ya mbuyu angoje. Kwa hiyo kizingiti kisiwe kitu kinachoua, na kwa hadithi inayosomwa pwani, na mtoto ambaye baba yake alizama, kisiwe maji kabisa. Mji wa matumbawe ubaki, na kasa abaki, ila njia ya kufika ndiyo ibadilike.

Mimi ningeipitisha mvunguni mwa kitanda cha bibi yake Tatu, kile cha samadari, ambako watoto wamezoea kujificha. Na ningeweka sharti kwamba mlango haufunguki kwa mtu mmoja. Aliyeko mvunguni aseme "Paukwa," na aliyeketi juu ya kitanda aitikie "Pakawa." Asipoitikia mtu, mvungu unabaki mvungu, una ndala mbili na vumbi. Na wakati wa kurudi iwe vivyo hivyo, Tatu aite kutoka huko chini, bibi aitikie huku juu. Kwa sharti hilo mtoto hawezi kwenda peke yake hata akijaribu, na bibi, ambaye katika sura yako ya kwanza amewekwa jikoni tu, anapata kazi kubwa kuliko upanga wote ule: kukaa macho usiku kucha ili aitikie.

Sharti la pili ni la uganga wa huko chini. Umewapa majini wako nguvu nyingi bila mpaka: wanaponya jeraha, wanageuza mchanga kuwa lulu, wanasimamisha mkondo. Msomaji wa miaka minane ana haki ya kuuliza, kama wanaweza yote haya, kwa nini wasimfufue baba? Na kama baba wa Tatu alifufuliwa, kwa nini wangu hapana? Mpaka utajwe mapema, sura ya pili au ya tatu, na kiumbe anayeaminika. Kasa anafaa. Aseme tu kwamba mji ule unaweza kurudisha kilichopotea na kilichosahauliwa, ila aliyekufa haupitishi. Tatu asimwamini. Watoto hawaamini mara moja, na sura kumi zinazofuata ni za yeye kutoamini mpaka anaamini.

Utaniambia hadithi za kale zinafufua. Kweli, ziko nyingi ambamo zimwi lililomeza kijiji hukatwa kidole na watu wakatoka wazima na mifugo yao. Nazipenda. Lakini ukumbuke na Nunda mla watu. Askofu Edward Steere aliichapa London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Unguja, kwa hiyo inasimuliwa tangu kabla ya hapo. Paka wa Sultani anaanza kwa kula mifugo. Watu wanamshtaki, Sultani anajibu paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anakua, anakula watu, mpaka anaua watoto watatu wa Sultani mwenyewe, ndipo baba anatamka kwamba huyu si paka tena, ni Nunda. Nyumba yenu ilipoambizana "amesafiri" mlikuwa mnamlisha paka yule, mwanangu, na nasema hivyo bila kuwalaumu, kwa sababu kila nyumba hufanya hivyo siku za mwanzo.

Ninachokitaka zaidi katika hadithi ile ni kitinda mimba. Anatoka kumsaka Nunda ambaye hajawahi kumwona. Anaua mbwa, anamburuta mpaka nyumbani akiimba kwamba amemuua Nunda. Mama anatazama, anajibu: mwanangu, siye. Anatoka tena. Anarudi na punda milia, na twiga, na kifaru, na tembo, na kila mara jibu ni lile lile, siye. Mama yule angeweza kumhurumia akasema ndiye, mtoto akapumzika. Hakusema. Na ndugu watatu hawarudi hata baada ya Nunda kuuawa. Watoto wa pwani wamelala na hadithi hiyo kwa zaidi ya miaka 150 na wameamka salama. Kwa hiyo mhariri aliyekwambia kifo ni kizito kwa watoto, simlaumu, anawaza mzazi atakayesimama dukani, lakini hakuangalia nyuma yake.

Nina sababu yangu ya kulisema hili kwa ukali. Mwaka 1996 nilikuwa nafundisha darasa la nne Mwanza. Tarehe 21 Mei ikazama MV Bukoba. Wiki ile madawati yalikuwa na watoto waliofiwa, na mimi nilifungua kabati la vitabu la darasa nikitafuta kitu cha kusoma nao, chochote, nikakuta sungura anamdanganya fisi. Niliwasomea huyo sungura. Hakuna aliyecheka. Miaka 15 baadaye, Septemba 2011, niliposikia habari za kuzama kwa MV Spice Islander kule Nungwi, ikielekea Pemba, nilichowaza kwanza ni walimu wa Pemba wakifungua makabati yao. Andika kitabu hiki.

Upanga wa mwale wa jua, uondoe. Sura za vita unaweza kuzifanya moja. Tatu akiwa na upanga usioshindwa hana haja ya ujasiri, kazi yote inafanywa na chuma. Ujasiri unaonekana pale mtoto anapofanya jambo ambalo magoti yake hayataki, na jambo hilo liwe la kimo chake. Na wewe jambo hilo unalo, umeliweka mwishoni mwa barua ukiuliza kama linahusika.

Linahusika kuliko kitu kingine chochote. Mtoto yule anaamini, ndani ndani, kwamba baba alikufa kwa sababu ya dumu la maji. Watoto hujitwika mambo ya namna hiyo kimya kimya: nilimkasirikia, nilisema namchukia, sikumwitikia, ndiyo maana. Amekuchagua wewe akakwambia mara moja, kisha akafunga. Ulichoahidi kukitunza, kitunze, usikipeleke mbele ya watu. Lakini yeye umrudie ninyi wawili tu, umwambie kwamba ngalawa ilipinduliwa na upepo na mawimbi, dumu lingekuwamo ingepinduka vile vile. Na umwombe ruhusa kabla ya kumpa Tatu kitu kinachofanana nacho. Akikataa, tafuta kingine. Akikubali, utakuwa umepata moyo wa kitabu.

Fikiria Zimwi la Mkondo bila meno wala makucha. Lina sauti tu, sauti ya Tatu mwenyewe, nalo linamwambia kila anapokaribia: wewe ndiwe uliyekataa kubeba maji. Linamjua kwa sababu linaishi kwa kile asichokisema. Ndiyo sababu upanga hauliwezi. Linapungua siku Tatu anapoita kutoka chini, bibi akaitikia, na kabla ya kutoka mvunguni Tatu akasema kwa sauti, gizani, mbele ya mtu anayempenda: baba aliniambia nibebe dumu, nikakataa. Hapo ndipo pa kuogopesha kuliko mkondo. Paandike polepole. Usimharakishe bibi kujibu.

Pweza wako ni mzuri mno, na nadhani hujui ni mzuri kiasi gani. Kiumbe aliyekatwa mkono ambaye kila asubuhi anajihesabu na kupata minane! Mtoto atacheka, na baada ya kurasa chache ataelewa kwa nini pweza anahesabu vibaya makusudi. Lakini unaandikia watoto wanaochokoa pweza maji yakipwa, nao wanajua kwamba mkono wa pweza uliokatwa huota tena. Usilikwepe hilo. Ulete mkono mpya, kidogo kidogo, sura ya 11 au 12, pweza afurahi, amwonyeshe Tatu kijikono chake, na Tatu ageuke amfokee kwa hasira yote aliyoibeba tangu ukurasa wa kwanza: wako umeota, baba yangu haoti! Pweza asiwe na jibu. Akae naye tu. Mikono anayo ya kutosha kumshika.

Kwa hiyo miisho yako. Wa kwanza hapana, kwa sababu mtoto wako atakifunga kitabu na kwenda mlangoni kungoja. Wa pili ndio ninaouogopa zaidi, ingawa unaonekana mpole: baba mfalme, ana raha, anatembelewa. Huo unamwambia mtoto kwamba huko aliko baba ni kuzuri kuliko hapa na kwamba kuna njia. Uchane. Ni ule wa tatu, unaokuliza. Ila Tatu asirudi mikono mitupu. Mji ule hurudisha kilichosahauliwa, kasa ameshasema. Basi arudi na kitu kidogo cha baba ambacho nyumba ilikuwa imeacha kukitaja kwa hofu ya kulia: namna alivyopiga mluzi akitia tanga, au jina la utani alilompa Tatu. Akitoka mvunguni alitamke jina hilo na mama alisikie. Kwako wewe unayeandika, maana yake ni kukumbuka ya kaka yako halisi na kuyatia humo. Nadhani ndicho ulichokuwa unakitafuta katika sura 14.

Ukimsomea, soma mchana au jioni kabla ya kula, si wakati wa taa kuzimwa, na usikate sura mahali pa hofu, ukamwacha nayo gizani. Sura za Zimwi zifuatwe na chai. Bibi yake awepo, hata kama hataki kusikiliza. Kazi yake ni kuitikia "Pakawa," na akishaitikia mara mbili tatu ataanza kusikiliza. Mhariri umwachie mpaka daftari liishe. Mtafute mwingine baadaye, wapo.

Anza upya na sura ya kwanza. Umeifungua na bahari, wimbi, povu, mwamba. Zuri, lakini kila hadithi ya pwani inaanza hapo. Kama mtoto amekubali, anza na dumu la njano la lita tano, limejazwa maji, limesimama mlangoni pale pale lilipoachwa, na watu wa nyumba wanaliruka kupita.